Niliumia Bandarini, Nikasema Nyumbani

Juzi, tulipokuwa tukipakia kahawa melini katika bandari ya Kemondo, gunia liliniangukia likanivunja mguu. Niliogopa kufukuzwa kazi, hivyo nikamwambia tajiri wangu kwamba niliteleza kwenye migomba ya nyumbani kwangu, Nshambya. Nilijiona mjanja, kumbe zuzu! Leo mchana, nikiwa hoi kitandani hospitalini, tajiri akaja na bwana wa bima kuona kama nitalipwa.

“Bima aliyowakatia tajiri wenu hulipa walioumia kazini tu,” yule bwana akanieleza. “Wewe uliumia wapi?”

Ningesema nini mbele ya tajiri?

“Nyumbani,” nikajibu kwa unyonge.

Mara mke wangu Koku akaingia, akampigia tajiri magoti. “Asante kwa kuja, waitu, bwana wetu. Gunia lile la bandarini lingemuua!”

Wote wakanigeukia. Nikajifunika blanketi gubigubi.