Maji mu Mazout ya Safari ya Kisangani

Nilifungua kitambaa chekundu kwenye bidon ya mazout, dizeli ya gari, nikakifunga kwenye bidon ya maji. Voilà, nimesema. Mwenye kutaka kunihukumu aanze, mimi naendelea.

Noko wangu, mdogo wa mama, alikuwa anatengeneza jeep yake ya zamani kwa safari ya Bunia mpaka Kisangani, kupita pori lote lile. Jeep yenyewe imenizidi umri, na imeona mafundi wengi kuliko mimi nilivyoona walimu. Kiwanja chetu cha Mudzipela, hapa Bunia, hakikuwa tena kiwanja, kilikuwa garage. Aliongeza vyuma vya ressort, zile springi za chini, ili isikalie matako katika mashimo. Alipandisha tuyau ya hewa mpaka juu ya paa, ili injini iweze kupumua hata maji ya matope yakifika kwenye capot, kifuniko cha injini. Ubavuni alifunga mbao mbili nene za kupitia madaraja yaliyooza. Nyuma kulikuwa na kamba ya chuma, mapauni ya kuchotea matope, shoka, panga. Kila jioni aliongeza kitu, kila asubuhi alikitoa, akakirudisha.

Na siye wote tulikuwa kama kuku waliosikia mvua inakuja. Hakuna aliyekaa. Hata darasani, nikisikia motere kubwa inapita barabarani, miguu yangu ilianza safari bila mimi. Mwalimu aliuliza kama nina wadudu. Nilimjibu kwamba ndiyo, wa Kisangani. Nikamaliza lile somo nje.

Aliyekuwa na haraka kutupita wote ni mama. Mama yake yuko Kisangani, amezeeka, na anaanza kusahau watu. Siku moja tulimpigia simu, akauliza, "Ni nani anasema?" Mama akataja jina lake. Bibi akauliza tena vilevile. Toka siku ile mama hakutaka tena telefone.

"Nataka anione na macho," alimuambia noko. "Mbele ya sura yangu kutoka yote mu kichwa yake."

"Tutaenda, yaya," noko akamjibu dada yake. "Jeep iko karibu."

"Jeep iko karibu toka mvua ile ingine."

Noko naye hakutaka kwenda peke yake. Kulikuwa na magari mengine yatakayotoka pamoja asubuhi ya siku ya tatu ya juma, na ile barabara mtu hajaribu bila wenzake. Ukiwakosa, unangoja mpaka Mungu akumbuke.

Sasa, mchezo wangu. Bidon zote ni za manjano, za mafuta ya mawese ya zamani, zinafanana kama mapacha. Noko alifunga kitambaa chekundu kwenye zile za mazout. Na noko ana tabia moja: mbele ya kula ananawa kwa fujo, mpaka kwenye viwiko, kama daktari anayeenda kupasua mtu. Siku ya kuondoka wamama wa kanisa walikuwa wanakuja kuombea gari, na chakula kingekuwepo. Nilitaka anawe mazout mbele yao. Ni hilo tu. Katika kichwa changu lilikuwa jambo safi kabisa.

Lakini noko hakunawa. Alimtuma convoyeur wake, kijana anayepandaga juu ya mizigo, ajaze reservoir, tangi la jeep. Convoyeur alikuwa na mafua, hasikii harufu yoyote, na macho yake yalikuwa kwa wasichana wa chorale ya kanisa. Alimimina yote ile bidon niliyoifunga kitambaa chekundu, kwa chupa iliyokatwa kitako. Mimi nilirudi kutoka kununua kamba sokoni, nikakuta bidon imelala tupu na pasteur amekwisha kuweka mikono kwenye capot. Watu wote wamefunga macho. Mimi peke yangu nilikuwa na macho wazi.

"Amina!" Noko akawasha. Jeep ikakubali! Wamama wakapiga vigelegele, mama akajiweka kwenye kiti cha mbele na sakoshi yake ya mkononi juu ya magoti. Nikaanza kusema moyoni kwamba pengine mazout na maji vinapatana. Jeep ikafika kwenye mlango wa kiwanja, ikakohoa, ikatikisika, ikafa.

Noko akajaribu, akajaribu. Pasteur akapandisha sauti: "Kuko roho inazuia hii safari!"

Hapo macho yakaanza kutembea. Yakaenda kwa jirani yetu, mama mmoja mwenye kuuza samaki wa Tchomia. Asubuhi noko alikuwa amekataa kubeba gunia lake, sababu gari limejaa vifurushi vya mtaa mzima. Mmoja akasema pole pole, "Na alikasirikaka kweli." Yule mama akashika kitenge chake kwa nguvu.

"Pasteur," nikasema, "ile roho ni mimi."

Wengine walicheka. Noko hakucheka. Nilipoeleza, alivua shati, akalala chini ya jeep, akafungua reservoir kwa chini. Maji yakatangulia kutoka, sababu ni mazito kuliko mazout, na yakatangulia kwenye uso wangu, kwa sababu mimi ndiye nilishika beseni. Akafungua filtre, chujio la mazout, akapuliza tuyau kwa mdomo, akatema. Tukamimina mazout ya kweli, mimi nikapiga pompe ndogo ya mukono ya kuivuta mpaka kidole gumba kikakufa. Telefone ya noko ikalia: wenzake wako kwenye kutoka mji, watangoja kidogo tu.

"Kidogo ni ngapi?" akauliza. Wakakata.

Mama hakushuka. Watu walimuita akae kwenye kivuli, akakataa, kama mtu anayeogopa akitoka safari itakufa kabisa. Alitazama mbele tu. Hakunitukana. Mama yangu! Afazali angenipiga.

Betri ikalegea, basi wamama wa kanisa wakasukuma jeep kwenye muteremko, yule wa samaki pia, na gunia lake tayari limefungwa juu. Ikatoa moshi mweupe, ikanguruma, ikaenda. Mama hakugeuka kututazama, mimi na dada yangu tuliobaki.

Halafu kimya. Porini hakuna réseau ya telefone. Sikulala vizuri, sikula vizuri, hata darasani nilitulia, mpaka mwalimu akauliza kama nina malaria. Siku moja nilipokuwa nachota maji, dada alinipigia kelele nikimbie. Nilishika telefone na mikono iliyolowa. Mama alisema hivi:

"Tulifika. Hakunijua. Nikamuelezea namna ulitia maji mu mazout, akacheka mpaka akakohoa, akasema, 'Ule mutoto iko sawa na binti yangu.' Binti yake ni mimi. Sasa patia dada yako telefone, na usizani nimekusamehe."