Gitaa la Marehemu Ereng Lilianza Kulia Saa Saba Mchana

Gitaa lilikuwa linalia nyumbani kwangu, na hakuna mtu aliyelishika.

Halikupiga muziki. Lililia. Kwikwi, kamasi na yote.

Nyinyi wa simu kubwa mtasema bibi amekunywa busaa. Sijakunywa. Kaeni chini, niwape habari za Kakuma baada ya ile mvua ya El Nino.

Mvua ile ilijaza mto Tarach, na Tarach ukanichukulia Ereng. Mwanangu wa pekee. Tulimpata chini ya mkondo, amenaswa kwenye miti, tukamzika, nikavua shanga zangu kama desturi inavyotaka.

Watu wakangoja nilie.

Wakangoja sana.

Sikulia. Si kwa ujasiri, msinipe nishani. Hakukuwa na kitu ndani. Nilikuwa kama sufuria iliyopinduliwa.

Nilikuwa na hoteli ya chai pale barabarani, hoteli ya mabati na benchi mbili. Kesho yake baada ya mazishi nikawasha moto. Nikachemsha chai, nikaionja, nikasema iko sawa.

Kumbe nilikuwa nimetia chumvi badala ya sukari. Sikujua. Mdomo wangu nao ulikuwa umezikwa.

Ereng aliacha gitaa la umeme. Alipewa na rubani mmoja mzungu kule Lokichoggio, alipokuwa akipakia magunia ya msaada kwenye ndege. Lilikuwa na nyuzi saba. Watu walidhani ule wa saba ni wa spea.

Huo wa saba ni mnene, sauti yake inatoka chini kabisa. Ereng aliuita Dume. Akiugusa, vikombe vyangu vinatetemeka.

Spika aliitundika nje, juu ya mlango wa hoteli, ivutie wateja. Waya ukaingia ndani mpaka chumba cha nyuma ninakolala. Umeme ulitoka kwa betri ya gari na sola ya juu ya bati. Betri ilikuwa imezeeka kama mimi, ilifanya kazi jua likiwa kali tu.

Aliondoka ameliacha limewashwa. Mimi nilizime kwa mkono upi?

Chini kuna mchwa, kwa hiyo nikalilaza kitandani. Mchana jua likichoma, nalala nalo ubavuni. Mjane mzima nikapata bwana asiyekoroma.

Ndipo jirani yangu Nyariek akaja. Huyu ni Mnuer wa kambi ya wakimbizi, aliuza sabuni na shanga kando ya mlango wangu.

"Mama Ereng, ejok?" akanijulia hali kwa Kiturkana.

"Ejok-noi."

"Gitaa yako inalia."

"Labda ina njaa."

"Usicheke. Mchana, wewe ukilala, ile spika inalia. Inasema, rudi, rudi."

Nikamtazama. Nikangoja moyo uruke. Haukuruka.

"Basi ni Ereng," nikasema, kama mtu anayesema mvua itanyesha.

Habari ikatembea. Saa saba mchana benchi zikajaa, Waturkana na wakimbizi pamoja, kila mtu na kikombe. Wananyamaza, wanasikiliza, wanakunywa. Nikiamka nakuta birika limekwisha.

Nikaongeza mandazi. Marehemu akikuletea wateja, utamfukuza?

Lakini nikaapa hakuna mtu atakayeligusa gitaa lile. Ndiyo sauti pekee ya mwanangu iliyobaki.

Akaja Makur.

Makur alikuwa Mdinka mrefu, mpaka akiingia mlangoni anasalimia kizingiti cha juu kwanza. Yeye na Ereng walipiga muziki pamoja kwenye kwaya ya kanisa. Alitaka gitaa kwa ajili ya Pasaka.

Alipoligusa tu, spika ikapiga firimbi, fisi wote wa Turkana wangeitika.

"Mama, hii gitaa iko mgonjwa."

"Liache na ugonjwa wake."

"Sumaku ndiyo mbaya. Zile za chini ya nyuzi, zinashika sauti. Lazima tubadilishe."

"Ukibadilisha, litalia tena?"

Akajikuna kichwa. Alijua ninachouliza.

"Sijui, mama. Lakini ukiacha hivi, siku moja itanyamaza kabisa."

Hapo ndipo penye shida. Nikibadilisha, namzika Ereng mara ya pili. Nisipobadilisha, atanyamaza mwenyewe.

Tukapanda lori la makaa mpaka Lodwar. Gitaa nililipakata kama mtoto mwenye surua.

Fundi alikuwa Mureithi, Mkikuyu wa redio na kaseti. Akalilaza mezani, akafungua skrubu, akatoa sumaku mbili ndefu zilizofungwa waya mwembamba kama unywele. Akacheka.

"Mathe, hii imepikwa!"

Akaeleza. Ndani ya ule waya hutiwa nta, ili utulie, usikie nyuzi tu. Joto la chini ya bati langu liliyeyusha nta yote, ikatiririka. Waya ukabaki unacheza.

"Sasa inasikia kila kitu. Angalia."

Akaziunganisha na spika yake, akainama, mdomo karibu na nyuzi.

"Allo! Allo, Lodwar!"

Spika ikasema allo, Lodwar, kwa sauti ya mbuzi aliyebanwa mlangoni.

Makur akacheka mpaka akaketi. Mimi sikucheka.

"Fundi. Lenyewe tu linaweza kulia?"

"Firimbi, ndiyo."

"Nasema kulia. Kama mtu."

"Aa. Hapo lazima mtu awe karibu, mathe. Karibu sana. Hata akinong'ona."

Makur akaacha kucheka.

Mimi nikatazama ubavu wangu wa kushoto. Ule wa upande wa gitaa.

Mureithi hakujua kitu, maskini. Akaendelea na biashara, akapanga sumaku mezani.

"Hizi ni za nyuzi sita. Zina nguvu, lakini uzi wa saba unabaki nje. Utakuwa bubu."

"Dume hawezi kuwa bubu," nikasema. "Toa."

"Hizi mbili ni za nyuzi saba. Hii ya nta, sauti tamu."

Makur akaishika. "Mama, hii! Inaimba kama asali."

"Kwa bati la Kakuma itapikwa tena," Mureithi akasema. "Hii nyingine imemwagiwa gundi ngumu. Sauti yake kavu kidogo, lakini hata uipige kelele, haitakusikia."

"Hata nikilia?"

"Hata ukilia."

"Funga hiyo."

Makur akaguna, "Mama, ile tamu..."

"Gitaa lipige muziki. Kazi ya kulia nitaifanya mwenyewe."

Tuliporudi Kakuma nikampa Makur gitaa aende nalo kanisani. Akachomeka waya wa spika, akapiga Dume mara moja pale mlangoni, nyepesi, vikombe vikatetemeka. Akaenda.

Nyariek alikuwa ameketi na sabuni zake.

"Gitaa limepona," nikamwambia. "Halitalia tena."

"Sawa."

Sawa! Mtu anaambiwa mzimu umehama, anasema sawa?

"Nyariek. Wewe ulijua ni mimi?"

Akapanga sabuni. Akazipanga tena.

"Tangu siku ya kwanza. Nilichungulia kwa tundu la bati."

"Na wale wengine?"

"Wote, mama yangu. Ulikataa kulia na sisi. Ukilala, unalia peke yako. Sasa mtu analiaje peke yake na watu wapo? Tukasema, tuwe tunakuja kukaa naye."

Kwa hiyo zile benchi hazikuwa za wateja. Zilikuwa matanga ya mwanangu, nami peke yangu sikuhudhuria.

Nikamimina chai, nikanywa.

Nikaitema.

"Nyariek! Hii chai ina chumvi!"

"Ina chumvi tangu mazishi."

"Na mlikuwa mnainywa?"

"Tulivumilia."

Nikaketi chini kwenye vumbi, nikalia macho wazi, bila spika. Nyariek akasogea, akaketi kando yangu, akaomba kikombe kingine.

Funzo, wajukuu: ukiona watu wanakunywa chai yako mbaya kila siku na hawalalamiki, usijisifu upishi. Angalia wanamlilia nani.