Shemeji Ndani ya Jeneza

Katika karakana ile jeneza halikuhesabiwa limekwisha mpaka mtu mzima alale ndani yake. Sababu ilikuwa ya kifundi. Ubao wa chini ukilegea hata kidogo hutoa mlio, na Bosi alikuwa akisema, "Jeneza likilia mbele ya watu, wenye msiba watakimbia kupitia madirishani." Kwa hiyo ndani ya kila lililokamilika alilazwa mtu, akageuka kulia, akageuka kushoto, wenzake wakatega sikio.

Aliyelala mara nyingi alikuwa fundi wa vifuniko, mrefu kuliko wote, maana likimtosha yeye humtosha yeyote. Alikuwa amemwoa mdogo wake Msasa, na kwa kuwa Msasa alimwita Shemeji, karakana nzima ikamwita Shemeji, hata Bosi.

Huyo Msasa ndiye aliyepiga mbao msasa, na jina likamganda. Ulimi wake nao ulikwaruza. Shemeji akishafumba macho ndani ya jeneza, Msasa alisimama upande wa kichwani, akavua kofia iliyojaa vumbi la mbao, akasoma wasifu wa marehemu. Hakumsaza mtu. Siku Vanishi, mpaka rangi, alipolala yeye, Msasa alisema marehemu ameacha wake wawili walioachika, na wote wameomba kifuniko kiongezwe skrubu. Vanishi alicheka mpaka akakalia ndoo ya rangi.

Kisha Shemeji akaanza kukonda. Hospitali wakamwambia ni moyo, asinyanyue vitu vizito. Akaendelea kuja kazini, akipiga bawaba na vipini, na kulala.

Jumanne moja alilala kama kawaida. Msasa akavua kofia.

"Marehemu alikuwa mtu wa huruma," alisema. "Alianza kupungua mapema, ili wabebaji wasije wakaumia mgongo."

Vanishi alicheka, kicheko kikubwa, halafu akakikata katikati kama mtu aliyeng'atwa. Bosi aliweka randa chini. Msasa akaona nyuso zao. "Samahani jamani," akasema, "tuache utani, huyu ni mgonjwa." Akamshika Shemeji mkono, akamsaidia kutoka, polepole, kama anayemshusha mzee ngazi.

Shemeji alivaa viatu. Alikung'uta maranda kwenye shati, akachukua mkoba wake wa vifaa, akaondoka. Jumatano hakuja. Alhamisi hakuja. Ijumaa Bosi alimwita Msasa pembeni.

"Jumatatu asipoonekana naweka mtu mwingine. Umemfukuza wewe, umrudishe wewe."

Msasa hakuelewa mpaka wa utani ulikuwa wapi. Wake wa Vanishi waliruhusiwa. Ufupi wa Bosi uliruhusiwa, na Bosi mwenyewe aliusimulia kwa wateja. Akamfuata Vanishi.

"Siku ile ulicheka, hukucheka?"

"Nilicheka."

"Mbona basi umeninunia siku tatu?"

"Kwa sababu ulinichekesha," alisema Vanishi, akaendelea kupaka rangi.

Jibu hilo lilimzidishia giza. Jumamosi mchana akaenda kwa dada yake, ameshika kofia mkononi, na maneno ya kuomba radhi ameyapanga njia nzima.

Dada alifungua mlango, akarudi kwenye cherehani bila kumkaribisha. Alikuwa akipunguza kiuno cha suruali.

"Kaka, unajua hii ni ya ngapi?"

"Sijui."

"Ya tatu. Ikiisha hii sina nyingine ya kupunguza. Sasa endelea, tuchekeshe."

Msasa alikaa ukingoni mwa kiti. Yale maneno ya njiani hakuyaona tena. Shemeji akatoka chumbani amevaa kandambili, akakaa mbele yake.

"Shemeji," alianza Msasa, "lile neno la wabebaji nililisema vibaya. Nisamehe."

"Lile? Lile nilicheka peke yangu barabarani, watu wakanitazama."

"Sasa uliondokea nini?"

"Ulinishika mkono." Shemeji aliutazama mkono wake kama bado una alama. "Miaka tisa natoka mwenyewe mle ndani. Ukanitoa kama mzigo, ukawatangazia kwamba mimi ni mgonjwa, kwani hawajui? Wakati unanitania bado nilikuwa mtu wa karakana."

Cherehani ilinyamaza. "Mimi sitaki kuyasikia maneno ya wabebaji," alisema dada, akimgeukia mumewe. "Wewe unacheka, mimi ndiye ninayeamka kusikiliza kama unapumua."

"Wewe hukuwapo, mama watoto."

"Yalinifikia hapa hapa. Umeyasimulia mwenyewe ukicheka, nikaenda kukaa kitandani peke yangu."

Msasa aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Basi niambieni. Jumatatu nifanye nini?"

"Nyamaza," alisema dada.

"Sema," alisema Shemeji.

Walisema kwa pamoja, kisha wakatazamana wao, naye akabaki katikati akizungusha kofia. Alipoaga, hakuna aliyemwambia achague lipi.

Jumatatu Shemeji alikuja, suruali imemkaa vizuri kiunoni. Jeneza la mwishoni mwa wiki lilikuwa likimsubiri. Akavua viatu, akaingia, akafumba macho.

Msasa alikuwa ameandaa wasifu mbili, mmoja mkali, mmoja wa upole. Akavua kofia, wasifu zote mbili zikamtoka akilini. Vanishi alitazama sakafu. Bosi alijifanya anatafuta penseli, na penseli ilikuwa sikioni.

"Marehemu," alisema Msasa, akakwama.

"Endelea," alisema Shemeji bila kufumbua macho. "Nina kazi."

"Marehemu ameacha suruali tatu. Mjane amezipunguza sana, hata mrithi wa kuzivaa hatapatikana."

Hakuna aliyecheka. Shemeji alilala akiwaza, kama mwonjaji aliyeweka kitu ulimini.

"Ya wabebaji ilikuwa nzuri zaidi," alisema mwishowe.

Akageuka kulia, akageuka kushoto, akaanza kutoka. Mguu ukanasa ukingoni. Mkono wa Msasa ulichomoka wenyewe, ukafika nusu ya njia, ukasimama hewani. Akauingiza mfukoni. Shemeji alihangaika, akapumua kwa nguvu, akapumzika, akatoka.

"Ubao wa chini unalia," alisema. "Upande wa miguuni."

Msasa akapiga magoti na bisibisi, hajui kama amesamehewa au amepewa kazi tu.

Jioni simu ililia. Alikuwa dada.

"Kaka, umemwambia nini mume wangu? Amerudi, ameitazama cherehani yangu, anacheka, na hataki kusema."

Msasa alifikiria suruali. Akafikiria cherehani ilivyonyamaza Jumamosi.

"Anacheka kweli, au anakohoa?"

"Anacheka, nakwambia. Nikasirike au nisikasirike?"

"Sijui, dada," alisema. "Hata mimi nilitaka kukuuliza."

Kwa mbali, nyuma ya pumzi za dada yake, akasikia sauti ya Shemeji ikiita, "Mwambie kesho avae kofia safi, kuna majeneza mawili."