Mkono Mbele ya Lenzi

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisiguse kitu. Nilikuwa nimetoka kwetu Jomvu Kuu na shati jeupe lililopigwa pasi na mama, nikitaraji kupewa meza na kiti. Opareta Mkuu, bwana mfupi mwenye sauti nzito, alinitazama shati, akacheka, akanipeleka nyuma ya ofisi ya habari ya serikali, kwenye gari la sinema. Aliniwekea ndoo iliyopinduliwa na kuniambia niketi hapo nimtazame akifanya kazi. Nilikaa juu ya ndoo ile mpaka nikajua kila msumari wa gari.

Nyinyi mlio na sinema mfukoni hamwezi kujua tulivyopokewa wakati ule, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Gari lilipoingia Likoni au Kisauni, watu walitujua kwa mngurumo wa jenereta tu. Tulitandaza kitambaa cheupe baina ya nguzo mbili, tukaweka projekta juu ya meza ya chuma, tukangoja watu watoke kusali Maghrib na giza likaze. Filamu ilikuja imeviringwa kwenye magurudumu ya bati tuliyoyaita riili. Filamu ndefu ilikuwa na riili tatu au nne, na kila mojawapo ilipokwisha, watazamaji walipiga miluzi huku tukibadilisha. Mkanda ukikatika, tuliuunga kwa gundi papo hapo, na waliotutukana walikuwa wengi kuliko waliotushukuru.

Kulikuwa na sehemu moja ya kazi ambayo hakuna kitabu kilichoifundisha. Opareta Mkuu alinifundisha kwa maneno machache sana. "Mkono wa kulia ni wa mashine," alisema. "Wa kushoto ni wa heshima." Maana yake ni hii. Katika filamu za kigeni, mwanamume akimsogelea mwanamke kumbusu, opareta hunyoosha kiganja cha kushoto mbele ya lenzi. Kitambaa huwa kiza, sauti ikaendelea, na baba aliyeketi na binti zake akapumua. Vijana walizomea, bila shaka. Busu likiisha, kiganja huondoka na hadithi ikaendelea. Kikikaa karibu kabisa na lenzi, huoni kitu. Kikienda mbali kidogo, vivuli vya vidole hujitokeza kwenye kitambaa, na hilo lilikuwa aibu kwa opareta. Mimi nilijisifu kwamba vidole vyangu havikuwahi kuonekana.

Opareta Mkuu alipostaafu nilirithi mashine. Bosi wangu akawa Afisa Mkuu, bwana kutoka bara, mrefu, mwenye adabu, aliyependa kuzungumza Kiswahili cha vitabuni na kuniomba nimsahihishe. Nikimsahihisha alinuna. Tulielewana hata hivyo.

Siku moja aliniita akanionyesha masanduku matatu ya bati yaliyoletwa kutoka Nairobi. "Bwana Opareta, hii ni filamu ya vikaragosi. Haina maneno mengi, kwa hiyo huhitaji kutafsiri. Ni ya watoto. Tutaionyesha Changamwe, Kisauni na Likoni."

"Umeitazama, bwana?"

"Vikaragosi," akasema, kana kwamba hilo lilitosha kuwa jibu.

Kanuni yetu ilikuwa kwamba opareta huitazama filamu peke yake kabla ya kuionyesha. Niliomba nafasi ya kufanya hivyo. Afisa Mkuu akasema tumechelewa, Changamwe wanangoja jioni ile ile, na kikaragosi hambusu mtu.

Basi niliiona mara ya kwanza pamoja na watu wa Changamwe, na wallahi nilishtuka. Vikaragosi vyenyewe vilichongwa kwa mti, vikatiwa macho ya kioo yaliyong'aa kama yana machozi. Nyuzi za kuvichezesha hazikuonekana kabisa. Hadithi ilikuwa ya mfalme aishiye chini ya ardhi, ambaye huwanyang'anya watoto sauti zao na kuzitia katika chupa. Kijana mmoja akanyang'anywa yake, na dada yake akashuka huko chini kwenda kuidai. Riili ya mwisho ndiyo nisiyoisahau. Mfalme anakubali kuirudisha sauti ya kaka kwa sharti kwamba dada aache yake. Anamtia vidole kinywani na kuivuta taratibu, uzi mweupe usiokwisha. Kisha msichana anarudi nyumbani, kaka anamwita kutoka ndani ya nyumba, naye amesimama mlangoni hawezi kuitika. Anabisha mlango kwa mkono wake wa mti. Filamu inaishia hapo, mlango haujafunguliwa.

Changamwe wengi walikuwa watu wa bara, wafanyakazi wa viwandani na wa reli. Mwanzoni walicheka. Mmoja alipiga kelele kwamba mfalme ni supavaiza wake, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Uzi ulipoanza kuvutwa kicheko kilikatika. Mchungaji mmoja aliyevaa koti akaja kusimama mbele ya mwanga, kivuli chake kikaufunika uso wa mfalme, akanyoosha mkono na kukemea. "Zima hiyo kitu! Hiyo ni ya shetani." Wengine wakamwambia aketi, wamelipia kwa kodi yao. Mama mmoja aliondoka na wanawe watatu, nami nilimwona akijipangusa macho.

Kisauni ilikuwa kinyume. Huko walikuwako wazee wa Kigiriama waliojua miti inayochongwa kwa ajili ya marehemu na kusimamishwa makaburini. Hawakucheka wala hawakupiga kelele. Filamu ilipokwisha, mzee mmoja alinijia na kuniuliza aliyechonga vile vikaragosi ni nani. Nikamwambia sijui, ni mtu wa Ulaya. Akatikisa kichwa. "Huyo hakuchonga mchezo," akasema. "Aliyemchonga yule mtoto kazika mtu wake."

Malalamiko ya mchungaji yalimfikia Afisa Mkuu kabla hatujaenda Likoni. Aliniita akafunga mlango.

"Ni sehemu gani inayowaudhi?"

"Ya mwisho, bwana. Mfalme anapomtia yule msichana vidole kinywani."

"Basi utaiziba."

"Si busu hilo, bwana. Ni refu. Na ukiziba hapo, hawatajua hadithi imeishaje."

"Ziba mpaka majina yaanze kupita," akasema. "Watu wasiloliona haliwezi kuwaudhi." Alisema hivyo kwa moyo safi kabisa.

Shika Adabu, huko Likoni, walikuja wengi, familia za Kidigo zilizokaa huko tangu zamani, wazee kwenye viti, wanawake na watoto kwenye mikeka mbele. Walitulia kuliko watu wote niliowahi kuwaonyesha. Mfalme alipoinuka kitini nilinyoosha kiganja. Busu huchukua pumzi mbili tatu. Hii ilikuwa karibu robo ya riili. Bega lilianza kuuma, mkono ukatetemeka, nikausogeza mbali na lenzi kidogo nipate kuuegemeza kwenye ukingo wa meza. Muziki uliendelea kulia gizani. Kisha majina yakapita, nikazima.

Ndipo ugomvi ulipozuka. Bwana mmoja alisema msichana ameuawa, nasi tumeficha. Mwingine akasema la, ameolewa na mfalme, ndiyo maana pakazibwa, kwani lini opareta huziba isipokuwa kwa mambo ya mume na mke? Wanawake wakaguna kwa kuchukizwa, maana msichana yule alikuwa mtoto mdogo. Mzee aliyekuwa mbele alinitazama kama mtu aliyemletea uchafu barazani. "Umetuonyesha nini wewe?" akaniuliza. Kila mmoja alikuwa ameona kitu katika kiza kile, na hakuna aliyeona kitu chema. Nilikunja kitambaa upesi.

Siku chache baadaye mwanamke aliyejifunga leso mbili aliingia ofisini, akasimama mbele ya meza ya Afisa Mkuu. Alisema jina lake ni Mwanahamisi, atoka Shika Adabu, naye ana binti aitwaye Mishi, wa umri wa kuanza kusoma.

"Tangu usiku wa sinema haneni," akasema. "Si neno moja. Chuoni, kwenye Kurani, nimemtoa, maana mwalimu amwambia asome naye yuwamtazama tu. Chakula yuwala kidogo. Baba yake ataka kumpeleka bara ya Kwale kwa mganga, amuweke huko mpaka apoe. Mimi sitaki mwanangu alazwe kwa watu."

Afisa Mkuu alimpa pole, akasema labda ni homa, akataja hospitali.

"Hospitali nimekwenda. Mtoto hana ugonjwa." Akafungua pindo la leso, akatoa kipande cha karatasi ya kufungia sukari. "Hwandika hiki kila siku. Ukutani, sakafuni, kwa makaa. Mimi sikukiona kwenye sinema ile. Nimekuja kuwauliza nyinyi ni kitu gani."

Ulikuwa mkono. Vidole vitano, vikubwa, vimetanda karatasi nzima, na kando yake kitu kidogo chenye nywele kilichokuwa yule msichana. Kidole cha mwisho kilikuwa kifupi, kimekatika kwenye kiungo.

Niliutia mkono wangu wa kushoto chini ya meza. Ncha ya kidole changu cha mwisho ilibaki kwenye meno ya projekta mwaka ule ule niliojifunza kazi. Mtoto alikuwa ameuona mkono wangu ukishuka kutoka juu, mweusi, mkubwa kuliko nyumba, ukamfunika msichana, na msichana asionekane tena. Watu wazima wote walijua ni opareta anaziba. Yeye hakuwahi kuona sinema kabla ya siku ile. Kwake hiyo ilikuwa sehemu ya hadithi, na ndiyo iliyokuwa ya kutisha kuliko zote.

Nilimwonyesha Mwanahamisi mkono wangu. Aliutazama, akatazama karatasi, akaketi chini sakafuni pale pale.

"Bwana," nikamwambia Afisa Mkuu, "naomba projekta."

"Filamu inarudishwa Nairobi. Nimepigiwa simu, haitaonyeshwa tena popote."

Mwanahamisi akanena kutoka sakafuni, bila kuinua sauti. "Sikuja kutaka sinema, bwana. Nataka mwanangu anene."

Afisa Mkuu akachukua ufunguo wa gari, ambamo masanduku ya filamu yalikuwa bado, na kuuweka upande wangu wa meza. "Sijui ulikokwenda," akasema.

Tulivuka kwa feri mchana huo huo. Nyumbani kwa Mwanahamisi tulifunga madirisha, tukatundika shuka nyeupe ukutani. Mishi aliletwa na baba yake, mtu mkimya afanyaye kazi bandarini, aliyeketi mlangoni akiwa tayari kumnyakua. Mtoto alikuwa mwembamba, ana macho makubwa. Alipouona mkono wangu alijibana kwa mama yake, akajificha uso.

Nilijua mwisho wa filamu ile si dawa ya mtoto aliyenyamaza. Lakini sikuwa na dawa nyingine. Niliwasha riili ya mwisho. Mfalme akainuka. Mishi hakutazama shuka, alinitazama mimi. Basi nikafanya kama nilivyofanya uwanjani, nikanyoosha mkono mbele ya lenzi, nao ukatokea ukutani na kidole chake kifupi. Mtoto akatetemeka mwili mzima, baba yake akasimama. Nikauondoa. Nikaurudisha. Nikauondoa tena. Nilikunja vidole, nikavikunjua, nikafanya sungura, nikafanya mbuzi.

Alichukua muda. Kisha akamwachia mama yake leso, akaja hatua kwa hatua mpaka kwenye mashine, akanyoosha mkono wake mwenyewe katika mwanga. Ukaangukia ukutani mkubwa kuliko mlango. Aliutazama, akaukunja, ukutani nao ukajikunja.

"Wangu," akasema.

Sauti ilikuwa ya kukwaruza. Baba yake alifunika uso kwa kanzu akalia kama mtoto. Mwanahamisi hakulia kwa hilo, alikuwa amegeukia ukutani, ambako baina ya vidole vya bintiye yule msichana wa mti alikuwa akibisha mlango asiofunguliwa. Alikodoa macho mpaka majina yakapita, kisha akasema polepole, "Ndivyo inavyokwisha? Kumbe ndilo mlilotuficha?" Nikamwambia ndilo. Akasema afadhali walivyomzulia ndoa, kuliko hili.

Nilifanya kazi miaka mingine kadhaa. Sikuziba tena. Palipokuwa na busu nilizima taa yote na kutangaza kwa kipaza sauti kwamba nimezima, nani ana swali. Wazee waliniita mkaidi. Afisa Mkuu alihamishwa, waliomfuata hawakuijua projekta, kisha vibanda vya video vikajaa Likoni na Kisauni na gari likaachwa kwenye nyasi nyuma ya ofisi. Nilistaafu bila sherehe. Vijana wa kazi hizi huniuliza ni nini nilichojifunza, nami huwaambia kwamba watu mia wakitazama kitambaa kimoja wanaona filamu mia, na wewe uliyesimama kwenye mashine hujui hata moja kati ya hizo. Huwa wanaitikia kwa kichwa na kurudi kwenye simu zao.

Mwaka uliopita nilialikwa harusini Shika Adabu. Mwanamke mnene, mcheshi, mwenye watoto wanne, alinijia akaniamkia shikamoo, na badala ya mkono wa kulia akaushika wa kushoto mbele ya watu wote. Nilimjua kabla hajasema jina. Akaukunjua mkono wangu, akawageukia wanawe.

"Ndio huu," Mishi akawaambia.

Wakubwa watatu walirudi nyuma kwa pamoja, wakajificha kwenye buibui lake. Huwahadithia, alisema huku akicheka, kila usiku umeme ukipotea. Mdogo peke yake alibaki mbele yangu, akahesabu vidole vyangu kwa macho.

"Babu," akaniuliza, "yule mtoto ulimpeleka wapi?"

Nikamwambia nilimrudisha kwao. Akautazama mkono tena, kisha akanitazama usoni, na niliona wazi kwamba haniamini.