Tezi Nane za Muuza Utumbo

Miaka thelathini muuza utumbo alisafisha matumbo ya ng'ombe na mbuzi kwenye meza ya tatu kutoka bombani, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko kisu chake. Mteja akiziba pua, alimwambia, "Ziba tu, lakini na wewe unao humo ndani, tena wako haujaoshwa." Saratani ilipoingia kwenye utumbo wake mwenyewe, soko zima lilishindwa kujua limpe pole au licheke. Akaanza kucheka yeye. "Ng'ombe wamenishtaki huko juu," alisema.

Hospitalini wakamkata kipande cha utumbo cha urefu wa mkono. Wiki mbili baadaye daktari mpasuaji, kijana wa miwani, akamketisha yeye pamoja na binti yake huku akitabasamu.

"Mama, habari njema. Unakumbuka ile dawa ya buluu tuliyokudunga pembeni ya uvimbe?"

"Niisahau vipi? Nilikojoa kijani siku mbili."

Binti akamfinya paja.

"Ile hupaka rangi tezi ambazo saratani hupitia kwanza ikianza kusambaa. Maabara wamepata nane, zote safi. Huhitaji matibabu mengine."

Binti alishaanza kumshukuru Mungu. Mama akakunja uso.

"Nane? Kwenye utumbo wote ule? Daktari, mimi hata mbuzi aliyekonda simtoi tezi chini ya kumi na tano. Zinajificha kwenye mafuta, nyingine ndogo kama punje ya dengu. Zile unazitafuta kwa vidole. Huyo wenu wa maabara kaokota zenye rangi, kanawa mikono, kaenda kula."

"Mama, jamani!"

"Jamani nini? Kipande changu mmekitupa?"

"Bado kipo kwenye ndoo ya dawa," daktari alisema, akiona aibu. Alijua fika kwamba wanatakiwa kupima angalau kumi na mbili.

"Basi rudini ndooni."

Binti alinuna njia nzima. Hakujua kwamba mama yake alikuwa anaogopa. Alitamani mno kuiamini ile nane, ila vidole vyake vilikataa.

Siku ya kumi wakaitwa tena, na daktari hakutabasamu. Kwa kupapasa mafuta, maabara walikuwa wamepata tezi kumi na moja zaidi. Kumi zilikuwa safi. Moja, ndogo kuliko zote, ilikuwa na saratani. Angehitaji dawa za dripu kwa miezi sita.

Binti akaangua kilio. "Mama, si ungenyamaza tu!"

"Mimi ningenyamaza. Nayo ingenyamaza?"

Machozi yakamtoka, naye akayaacha yatoke. Kisha akajifuta kwa kiganja na kumgeukia daktari.

"Aliyeipata ni nani?"

"Mama mmoja wa maabara. Alikaa na kile kipande asubuhi nzima, akikipapasa."

"Mwambie nikipona aje sokoni, meza ya tatu kutoka bombani. Miaka yote hii sijapata msaidizi mwenye vidole."