Miguu Aliyoichora Mjomba Festo

Harufu ya tapentaini hunichefua hadi leo. Nikipita kwa fundi rangi hugeuza uso na kutema mate, mtu mzima mimi.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba alinunua nakala za michoro maarufu kwa ajili ya hoteli za Arusha, katika karakana moja ya ghorofani jirani na soko la Shahe, huko China tulikokuwa tukiishi. Humo kila mchoraji alikuwa na kipande chake: huyu mawingu, yule nyuso. Mjomba Festo, mdogo wake Mama, alipewa miguu. Kutwa nzima miguu ya wakulima wa Ufaransa: visigino vilivyopasuka, udongo kwenye kucha. Sakafu ilinata rangi na tapentaini, na makopo ya tambi yaliloweka vichungi vya sigara.

"Mjomba, miguu michafu hivyo nani ataitundika sebuleni?"

"Hata mwenyewe aliyeichora kwanza aliulizwa hivyohivyo," alicheka. Akanieleza habari za mchoraji yule wa karne ya kumi na tisa, mtoto wa mkulima aliyekwenda mjini kusomea uchoraji, kisha akakataa kuchora malaika. Akachora watu waliopinda migongo shambani, na waungwana wakaziba pua mbele ya turubai. "Rangi hainuki jasho, mama. Walinusa aibu yao."

Mwaka ule polisi walisaka wenye viza zilizokwisha. Ya Mjomba ilikuwa imekwisha. Ya Mama pia, naye alikuwa amejifungia nyumbani. Alasiri moja wakapanda ngazi za karakana. Mkalimani wa familia nilikuwa mimi, niliyesoma shule ya pale. Kwa Kichina Baba alijua bei tu. Askari akaniuliza kama tunamjua yule Mwafrika mwenye brashi.

"Mwambie hatumjui," Baba alisema, bila kumtazama shemeji yake.

"Bu renshi," nikasema, yaani hatumjui, kwa sauti ya kujibia darasani.

Mjomba akanitazama kama anayetazama ukuta. Kwa Kichina chake kibovu akasema: mtoto huyu simjui, ni wa mteja. Wakamshusha na rangi bado vidoleni, na baadaye akarudishwa Tanzania.

Nililia njia nzima, nikimchukia yeye. Amenikana! Baba akaninunulia aiskrimu, nikamwona ndiye mwema.

Ilinichukua miaka kuelewa. Wangejua sisi ni ndugu, wangetufuata hadi kwa Mama. Mjomba alisikia Kiswahili cha Baba, akaumeza uchungu na kuusaidia uongo wetu usimame. Baba namwelewa pia, lakini kumwelewa hakujaniondolea kinyaa. Na kinachonikirihi kuliko vyote ni kwamba aiskrimu ile ilikuwa tamu, na nikaomba nyingine.