Kopo Nililolikataa Mbele ya Wakwe

Miaka ile kiwanda kilikuwa kimesimama, mabomba ya mtaa wetu wa Makomeno yalitoa hewa tu, na vita vilikuwa vimewasukuma wafanyabiashara wengi wa Kivu hadi mjini kwetu. Kijana wa familia moja ya hao alimtaka binti wa marehemu dada yangu. Mimi, mjomba, ndiye niliyetakiwa kusema ndiyo.

Wakwe walisikia nina ugonjwa wa sukari. Kwa heshima, wakanitumia katoni za sukre, yaani soda, isiyo na sukari, ile nyeusi ya makopo. Nikainywa badala ya maji, maana maji yalikuwa ya kutafutwa. Siku ya kikao cha mahari nilitoka, nikarudi, nikatoka tena. Kwetu, mjomba akiinuka wakati mahari inazungumzwa, amekasirika. Wakwe wakaaga mapema.

Mdogo wangu alifurahi. “Kaka, kibofu imekushinda. Niachie miye nizungumuze.”

Yeye angekubali lolote, bila kumuuliza binti. Sikumwachia.

Nilikwenda dispensari: mkojo hauna maambukizi, sukari haijapanda. Nikafungua kitabu cha zamani cha wauguzi, nikakisoma polepole na kamusi ya Kifaransa pembeni. Kafeini huchokoza kibofu. Kwa baadhi ya watu, hata vile vitamu vinavyowekwa badala ya sukari. Nikaacha makopo, nikanywa maji ya kuchemsha. Baada ya siku chache nilikuwa nakaa asubuhi nzima bila kuinuka. Kipi hasa kilinisumbua, kafeini au utamu ule, sijui hadi leo. Sisemi ni hivyo kwa kila mtu. Kibofu kilikuwa changu.

Katika kikao cha pili, baba mkubwa wa kijana alinifungulia kopo kwa mikono yake. Kulikataa ni kumkataa yeye.

“Muzee, kunywa tu. Haina sukari.”

“Najua. Ndiyo ilinitoa hapa siku ile. Leo nakunywa mayi, na sitoki mpaka tumalize.”

Mdogo wangu akanivuta shati. “Kaka, unatupatisha haya!”

“Haya ni ya nani? Mukojo ni wangu.”

Baba mkubwa alilitazama kopo, kisha akanitazama mimi. “Kumbe siku ile haukukasirika?”

“Nilikuwa ku choo.”

Akacheka mpaka akafuta macho, akaomba glasi ya maji naye.

Nikamuuliza mpwa wangu, mbele ya wote, kama anamtaka huyu kijana. Akajibu anamtaka. Nikasema ndiyo, nikiwa nimekaa.